Amina ya Mwalimu wa Bustani

Kabla sijasema lolote kuhusu kazi, niweke jambo moja wazi. Si mimi niliyefunga darasa la mazoezi katika bustani ya umma iliyo kando ya Bondeni. Nimeyasikia yanayosemwa. Nimeyasoma pia kwenye vikundi vya simu, yameandikwa na watu walionijua ofisini miaka mingi na ambao nambari yangu wanayo, lakini hakuna aliyenipigia kuuliza. Wanasema Madam alichukia maombi. Wanasema Madam aliwafukuza akina mama waliokuwa wakimwomba Mungu kwenye nyasi za serikali. Mimi, mzee wa kanisa, niliyefundisha shule ya Jumapili tangu nikiwa msichana katika nyumba za reli! Nilipousoma ujumbe huo mara ya kwanza nilivua miwani, nikaifuta, nikausoma tena, nikidhani macho yamenidanganya. Hayakuwa yamenidanganya.

Basi ninawaandikia ninyi vijana, kwa sababu nasikia nafasi ile itatangazwa tena, na wengi wenu mnaulizana jinsi mtu anavyoajiriwa na kulipwa ili awafundishe watu mazoezi na michezo katika bustani za umma. Kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, kazi yangu idarani ilikuwa kuwatafuta wakufunzi wa namna hiyo, kuwapima, kuwakagua wakiwa kazini, na kutoa maoni kama wathibitishwe au la. Nitawaeleza mnachohitaji kujua. Lakini siwezi kuyaeleza hayo nikaacha habari za Collins na Mama Selina, maana kabla ya habari hizo hata mimi sikuujua uzito wote wa kazi hii.

Nianze na usaili. Kijana mmoja aliingia ofisini kwangu amebeba spika pana kuliko kifua chake, akaiweka juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akasema, "Niaje, madam."

"Hujambo," nikamjibu. "Keti. Unafundisha nini?"

"Mimi hufundisha vaibu."

"Vaibu ni zoezi la kiungo gani?"

Akafikiri kidogo. "Hiyo ni raha ya roho, madam. Mwili hufuata tu."

Katika utumishi wangu nilikuwa nimewajibu wahandisi, madiwani na wake zao, lakini hakuna aliyewahi kunijibu hivyo. Kijana huyo alikuwa Collins, mzaliwa wa Bondeni, ambaye babu yake alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli na hakurudi tena. Nilimwomba aondoe spika mezani, nikakagua vyeti vyake, tukaenda bustanini.

Vyeti ni jambo jepesi. Mtaulizwa kitambulisho, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, na cheti cha huduma ya kwanza. Hicho cha mwisho msikinunue. Tulikuwa na njia ya kuwajua walionunua. Tulimlaza mtu mmoja kwenye nyasi na kumwomba mwombaji amgeuze ubavu. Aliyenunua cheti alimgeuza mgonjwa kama gunia la makaa.

Kigumu ni kipimo cha bustanini. Tulikukusanyia watu usiowajua: mpiga picha, muuza njugu, mlinzi aliyetoka zamu, akina mama waliotoka sokoni na viatu vya plastiki. Kisha tulikaa kando tukanyamaza. Wengi walianguka kabla ya muziki kuanza. Waliwapanga watu wakitazama jua, wao wenyewe wakasimama kivulini. Mkufunzi ndiye anayepaswa kuchomwa na jua usoni, na watu wamtazame bila kukunja nyuso. Wengine hawakukagua nyasi, wakawalaza wanawake juu ya siafu. Wengine hawakujua kwamba unapowaelekea watu na unataka wainue mkono wa kulia, wewe unainua wa kushoto, ili wakufuate kama wanaojitazama kwenye kioo. Jambo hilo dogo limewatoa jasho wanaume wazima. Na nilimkuta mmoja, Mungu anisamehe kwa kumtaja, akiwahesabu kama wanafunzi wake watu waliokuwa wamejilalia kwenye nyasi tangu asubuhi. Nilipomuuliza, akanijibu bila haya, "Hao wako kwa zoezi la kupumzika, madam."

Collins hakuanguka. Muziki ulikuwa wa makelele kupita kiasi na nilikwisha kumwandikia alama mbaya akilini, lakini mama mmoja mzito alipochoka na kuketi chini, nikaona kijana amepunguza sauti ya spika, naye akaketi. Hakumwambia mama ainuke. Aliwaambia wote waketi. "Wacha tufanye ya mikono sasa," akasema, na darasa zima likaendelea likiwa chini, bila yule mama kuona aibu. Jambo hilo hulifundishi. Tulimchukua kwa majaribio.

Mimi nililelewa katika kazi hii na Bwana Mbugua, aliyeniachia kiti changu. Yeye ni wa zama za filimbi shingoni na kaptura nyeupe iliyopigwa pasi. Hakujua spika wala hakuzitaka. Lakini kanuni aliyonipa niliiona ikifanya kazi kila mahali: waulize watu walikotoka kabla hujawaambia waende wapi. Wakati mmoja tulimpeleka Dundori, kwa wakulima wa viazi, mkufunzi wa kike kutoka mtaa wa matajiri wa Milimani, binti mwenye adabu, mwenye mkeka wa kukunja na chupa ya maji ya kubebea begani. Alisimama mbele ya wanawake wa huko akawaambia wainame waguse vidole vya miguu. Hakuna aliyeinama. Akarudia. Mama mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, "Binti, sisi tumeinama kwa viazi tangu alfajiri. Kama uko na dawa ya kuinuka, tuletee hiyo."

Binti alibaki ameshangaa, mkono ukielekea vidoleni. Bwana Mbugua akasogea mbele, akapuliza filimbi kidogo tu, akawaomba wote walale chali na kunyoosha mikono juu ya vichwa. Walilala. Kisha walilala usingizi hasa, wengine wakikoroma. Nilimtazama Bwana Mbugua nikidhani ataona haya kwa niaba ya idara. Akaniambia, "Usiwaamshe. Hili ndilo zoezi walilokosa."

Nilimsimulia Collins habari hiyo wiki yake ya kwanza. Alicheka hadi akashika mti. "Hao ni kama shosh wangu," akasema, yaani nyanya yake. Lakini aliielewa, tena kuliko nilivyotarajia. Aligundua kwamba wanawake wa Bondeni hawafuati maneno ya kigeni ya mazoezi, basi akayapa mazoezi majina ya kazi zao. Kuzungusha mikono ikawa kuanika nguo. Kuchuchumaa na kusimama ikawa kupandisha gunia. Kukunja ngumi na kuachia mbele ya kifua ikawa kukamua ng'ombe, na hapo waliotoka vijijini waliwacheka waliozaliwa mjini kwa jinsi walivyokamua vibaya. Darasa likajaa. Akina mama waliingia na suruali za michezo chini ya sketi na leso viunoni. Wakamwita Kochi. Mimi niliwaambia wenzangu ofisini kwamba tumempata mtu.

Sasa sikilizeni jinsi jambo zuri linavyogeuka.

Mwisho wa kila darasa Collins aliwaketisha watu, akawaambia wafumbe macho, wainamishe vichwa na kuvuta pumzi taratibu. Hilo ni sahihi. Mapigo ya moyo lazima yarudishwe chini kabla mtu hajaenda barabarani. Lakini fikirini. Huu ni mji wetu. Ukiwaambia watu wazima wa hapa waketi pamoja, wafumbe macho na kuinamisha vichwa, ukae kimya, unadhani nini kitatokea? Mtu ataomba. Siku ya kwanza mama mmoja aliomba kwa sauti, akawashukuru wote kwa kufika salama. Siku nyingine waliomba wawili. Kisha pambio likaanzishwa. Kisha ushuhuda. Kidogo kidogo mazoezi yakawa mafupi na sehemu ya kufumba macho ikawa ndefu, na Collins, ambaye hakupanga lolote kati ya hayo, akabaki amesimama na spika yake kama mgeni kwenye arusi.

Habari zilinifikia kwa njia ya ajabu. Mhubiri wa saa ya chakula cha mchana, anayesimama upande wa pili wa bustani, alikuja ofisini kwetu kulalamika. Alisema idara imeanzisha kanisa bustanini na linawavuta waumini wake. Niliketi nikamtazama mtu huyo, naye alikuwa ameshika kipaza sauti chake mkononi hata ndani ya ofisi. Nilishindwa kuamua kama nicheke. Nilimwahidi nitakwenda kukagua, na nilikwenda, bila kumjulisha Collins, kwa sababu ukaguzi unaotangazwa ni maonyesho.

Nieleweke vizuri. Sikushtuka kuona watu wakiomba. Hata mikutano yetu ya idara hufunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi. Nilisimama nyuma ya mjakaranda, nikasikiliza, na nadhani hata mimi niliinamisha kichwa. Ndipo akainuka Mama Selina.

Mama Selina anauza mboga za sukuma na nyanya Bondeni. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti inayosikika hadi stendi, mcheshi, asiyekosa darasa. Ndiye aliyeketi chini ile siku ya kipimo. Alisimama, akajipangusa jasho kwa leso, akasema:

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mnanijua. Nilikuwa mtu wa presha. Miaka! Dawa asubuhi, dawa jioni, mpaka nikawa natingisha mfuko kama kayamba. Sasa tangu nianze kuja hapa kwa Kochi, kichwa hakinigongi. Kizunguzungu hakuna. Nikasema, Mungu ameniponya kwa hii mazoezi. Zile dawa nimezitupa choo. Zote! Sijazimeza tena, na mnaniona, naruka kushinda wasichana!"

"Amina!" wakaitikia wote, na vigelegele.

Mama yangu mzazi alikuwa na presha. Najua kwamba presha haigongi mlango kabla ya kuingia, na kwamba mtu anayejisikia vizuri kwa sababu ya dawa huziacha akidhani hazihitaji. Nilimtafuta Collins kwa macho, nikitarajia ainue mkono, aseme neno moja tu. Yeye, mwenye cheti cha huduma ya kwanza alichokipata kihalali, alikuwa ametabasamu, ameinua mkono juu. Midomo yake ilitamka, nami niliisikia sauti yake ikichelewa kidogo baada ya zile nyingine:

"Amina."

Niliwangoja watu watawanyike, nikamwita Collins kwenye benchi. Aliponiona aliruka.

"Madam! Hukuniambia unakuja."

"Umesema Amina."

"Eeh?"

"Mama Selina amesema ametupa dawa za presha, na wewe ukasema Amina."

Alinitazama kama mtu anayesubiri kosa litajwe. "Si mtu akitoa ushuhuda, unasema Amina? Hiyo ni kama kuitikia hodi. Nikinyamaza wataniona aje?"

"Collins, wale wengine ni wanafunzi. Wewe unalipwa na umma kusimama pale mbele. Wao wakisema Amina wamemfurahia mwenzao. Wewe ukisema Amina, umethibitisha kwamba mazoezi yako yanaponya presha na dawa hazihitajiki. Umetia sahihi."

Hapo ndipo nilipomwona akielewa. Alikaa, akashika kichwa. "Madam, na walikuwa wengi waliosikia," akasema polepole. "Si yeye pekee ako na presha."

"Ndiyo."

"Aisee." Kisha akaniambia lililomwogopesha, na sikumlaumu kwa kuliogopa. Muda wake wa majaribio ulikuwa ukielekea mwisho. Kamati ya idara ingetazama idadi ya watu darasani. Akipinga ushuhuda hadharani, wataondoka, watasema amempinga Mungu, na atakosa kazi aliyoitafuta miaka yote akiwa kibarua wa kupakia mizigo. "Wacha niende nimwambie peke yake," akasema. "Kwa kibanda. Ananipenda, atanisikia."

Tulikwenda pamoja. Mama Selina alikuwa akikata sukuma kwa kisu chembamba, na hakuacha kukata tulipomsalimu. Jirani yake, Nyambura, anayeuza viazi na vitunguu, naye mwanafunzi wa darasa lile, alisogeza kigoda asikie vizuri.

Collins aliongea kwa heshima. Alimwambia presha haiponi kwa kuruka, kwamba mazoezi husaidia pamoja na dawa, kwamba arudi kliniki leo.

"Kochi," akasema Mama Selina, "si nilikuona? Si uliinua mkono?"

"Niliinua, Mama."

"Si ulisema Amina?"

"Nilisema. Nilikosea."

Kisu kikasimama. Kisha akanigeukia mimi. "Ni huyu amekutuma. Madam, wewe ni wa ofisi ama ni wa shetani?"

Nyambura aliangua kicheko. Mimi sikuweza kucheka. Katika maisha yangu sijawahi kuulizwa swali kama hilo, tena mbele ya viazi. Nikasema, "Mimi ni wa ofisi, Mama. Na mama yangu alikuwa na presha kama wewe."

"Pole," akasema, na alimaanisha. Lakini akamnyooshea Collins kile kisu, si kwa kumtisha, bali kama mwalimu anavyoshika chaki. "Amina ulisema mbele ya watu. Kama ilikuwa ya uongo, usikuje kuniambia hapa kwa sukuma kama mtu anakopa. Sema mbele ya watu. Sasa nipishe, niko na wateja."

Tuliondoka. Tulifika barabarani. Hapo Collins akasimama akasema, "Ako sawa, madam." Na mimi, nikitafuta njia iliyo laini zaidi kwa ajili yake, sikuipata. Nilichoweza kufanya ni kumwomba muuguzi wa zahanati aje bustanini na kipimo cha presha siku ya darasa, kwa barua rasmi na kwa wakati.

Siku hiyo walijaa kama kawaida. Muuguzi aliketi kivulini na mashine yake. Collins alisimama jua likimpiga usoni, kama nilivyomfundisha, na hakuwasha spika.

"Kabla tuanze," akasema, "kuna kitu nataka kurudisha. Juzi Mama Selina alisema ametupa dawa, mimi nikasema Amina. Hiyo Amina naiondoa. Mazoezi yangu hayaponyi presha. Kama kuna mwingine ameacha dawa kwa sababu yangu, nawaomba mrudi hospitali. Na leo hakuna mtu wa presha ataruka kabla apimwe pale."

Kisha sauti kutoka nyuma: "Amina haiondolewi!"

"Kwani ni mandazi, unarudisha dukani?" akadakia mwingine, na watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na miiba.

"Kochi, umeambiwa na ofisi useme hivyo?"

"Hapana. Ni mimi," akasema, ingawa nilikuwa nimesimama palepale na angeweza kuninyooshea kidole. Hilo ningependa liandikwe mahali.

Mama Selina alikuwa mstari wa mbele. Yeye aliyetaka jambo lisemwe hadharani alikuwa amepewa hadharani. Lakini kutaka jambo na kulipata ni vitu viwili. Uso wake ulivimba kwa aibu. Collins alimwendea akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, wewe ndiyo wa kwanza kupimwa. Tafadhali. Leo huruki."

"Siruki? Unaninyima kuruka?"

"Nakunyima."

Hakuna kitu mwanamke yule alichokipenda kama darasa lile. Alifungua leso kiunoni, akaifunga upya kwa nguvu, akageuka akaondoka bila kupimwa, akavuka nyasi hadi upande wa yule mhubiri. Karibu nusu ya darasa walimfuata. Mhubiri aliwapokea kwa kipaza sauti. Waliobaki walipanga foleni kwa muuguzi, wakipimwa kimyakimya kama watu waliofiwa. Wawili walikiri kwamba nao walikuwa wameacha dawa. Nyambura alikuwa miongoni mwa waliobaki. Alisikia kila neno.

Haikupita wiki. Asubuhi moja, katikati ya kuhesabu nyanya za mteja, maneno ya Mama Selina yakaanza kukorogeka na mdomo wake ukaenda upande. Wapita njia walikusanyika. Mmoja akasema amerogwa, mwingine akasema aitwe mhubiri. Nyambura aliwasukuma wote, akasimamisha tuktuk, akampakia, na alipofika hospitalini hakungoja kuulizwa. "Huyu ni wa presha na ameacha dawa," aliwaambia. "Ametupa choo. Kochi alisema." Daktari aliniambia baadaye kwamba kufika haraka na taarifa ile ndivyo vilivyomwokoa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakuweza kusema.

Sasa twende kwa kamati, maana hapa ndipo uongo unaoenezwa ulipozaliwa. Nilidhani nimeona mshtuko wa mwisho. Kamati ilikutana kujadili kazi ya Collins. Nilieleza yote, kwa mdomo na kwa maandishi. Wakanisikiliza kwa adabu. Mwenyekiti akauliza kama ni kweli darasa lilipungua nusu kwa siku moja. Nikasema ni kweli. Akauliza kama ni kweli mkufunzi alizusha ubishi wa dini katika mali ya umma. Nikasema hapana, aliondoa kosa lake hadharani, na mtu yuko hai kwa sababu hiyo. Mwenyekiti akafunga faili akasema, "Madam, sisi hatupimi walio hai. Tunapima mahudhurio."

Nimefanya kazi na watu wengi wagumu, lakini sentensi hiyo bado inaniamsha. Collins hakuthibitishwa. Nafasi haikujazwa. Darasa lilikufa kwa kukosa mwalimu. Nilipinga uamuzi huo kwa maandishi hadi siku niliyostaafu, na niliambiwa kila mara kwamba maoni yangu yamepokelewa. Hivyo ndivyo darasa lilivyofungwa, na mnaoandika kwenye simu zenu andikeni hivyo.

Mtaniuliza kama basi nawashauri muitafute kazi hii. Nawashauri. Jifunzeni kioo, jifunzeni jua, kagueni nyasi, waulizeni watu walikotoka. Na mjue kwamba mkishalipwa kusimama mbele, hata kuitikia kwenu ni mafundisho. Mkikosea mbele ya watu, itabidi mrudi mbele ya watu, na huenda mkalipwa kwa kufukuzwa. Anayeona hayo ni mengi, abebe spika yake aende kwenye arusi. Huko vaibu inatosha.

Nilikwenda kumtazama Mama Selina wodini siku chache baada ya uamuzi wa kamati. Niliingia polepole, kwa sababu sikujua atanipokeaje. Nikamkuta Collins ameketi kando ya kitanda. Alikuwa amerudi kwenye kupakia mizigo, vumbi la unga likiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa Mama Selina, ule uliolegea, na alikuwa akimfundisha.

"Kamua ng'ombe, Mama. Kamua! Tena! Usiniangalie, kamua!"

Wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wamegeuka kutazama. Mama Selina alikuwa amefumba macho kwa hasira. Maneno yake yalitoka mazito, moja moja, mdomo ukiwa bado umepinda.

"Kochi. Wamekufuta?"

"Wamenifuta, Mama."

"Sasa nani anakulipa?"

"Hakuna."

"Basi usinipigie kelele."

Nilikaribia kitanda, na nikaona vidole vya ule mkono vikijikunja, polepole sana, juu ya vidole vya Collins, vikashika, vikaachia, vikashika tena.